Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: nia tatu, kitanzi kimoja

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima, naomba uvitazame upya vifungu vya 197 na 200 vya Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kwa namba tulizozizoea, vinavyohusu kosa la kuua kwa kukusudia. Sheria yetu imeipanua mno maana ya dhamira ovu, yaani hali ya nia inayofanya kuua kuhesabiwe kuwa kwa kukusudia, kisha ikamnyima jaji nafasi ya kupima tofauti zilizomo ndani ya upana huo.

Tuchukue mfano wa kubuni: ghala la mahindi limechomwa usiku huko Kibaigwa, na mlinzi aliyelala ndani amekufa. Huenda mchomaji alikusudia kumuua. Huenda alitaka tu kuficha wizi wake, akijua kwamba mlinzi yumo na yaelekea atakufa, huku akitamani aamke na kukimbia. Au huenda aliamini kabisa kwamba ndani hamna mtu. Wa kwanza ananaswa na aya ya (a) ya kifungu cha 200. Wa pili ananaswa na aya ya (b), inayotamka kuwa kujua kunatosha hata kama mtu anatamani kifo kisitokee. Wa tatu naye hasalimiki, kwani aya ya (c) inatosheka na nia ya kutenda kosa lenye adhabu inayozidi kifungo cha miaka mitatu, na kuchoma jengo kunaweza kumpeleka mtu jela maisha. Wote watatu wameua kwa kukusudia, na kifungu cha 197 kinawapa adhabu moja, kunyongwa.

Falsafa ya matendo haikubali mkusanyo huu. Aristotle alikwisha kusema kwamba atendaye bila kujua mazingira mahususi ya tendo lake, kisha akajuta, hakutenda kwa hiari. Wa tatu alichoma ghala kwa hiari, lakini hakumchoma mtu kwa hiari. Mwanafalsafa Elizabeth Anscombe, mwaka 1957, alieleza kuwa tendo lilelile laweza kuwa la makusudi likielezwa kwa namna moja na lisiwe hivyo likielezwa kwa nyingine. Antony Duff, mwanafalsafa wa sheria ya jinai, naye alitupa kipimo ambacho hata hakimu wa mahakama ya mwanzo angeweza kukitumia: je, mlinzi angeokoka, mtendaji angeona mpango wake umeshindwa? Wa kwanza angeona hivyo. Wa pili angeshusha pumzi. Huyu wa pili ndiye anayenisumbua zaidi, maana sidai kuwa ni mwema, na pengine anastahili adhabu kali karibu sawa na ya mwenzake. Lakini hilo lilipaswa kuamuliwa na jaji aliyemsikiliza.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha iliamuru tarehe 28 Novemba 2019 kwamba ulazima wa adhabu ya kifo uondolewe katika sheria zetu. Uganda iliachana nao kwa uamuzi wa mahakama mwaka 2009, na Kenya mwaka 2017. Sikuombi uguse maana ya kosa wala uifute adhabu ya kifo, ingawa ningefurahi. Ninaomba muswada mfupi uletwe bungeni hapa Dodoma, utakaomruhusu jaji, baada ya kumtia mtu hatiani, kupima nia yake kabla ya kutaja adhabu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa falsafa, Dodoma