Mwanaidi, usijaze lenzi maji ya chupa

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam aleikum. Natumaini wewe na watoto hamjambo, na joto la Muscat halijawaelemea. Huku Tanga salama. Bi Zuhura anakusalimu, goti lake sasa lina nafuu. Mengine nitakupa chini, kwanza nina jambo limeniweka roho juu.

Umeniandikia kwamba vichupa vya maji ya chumvi vimekwisha, ukawa unajaza lenzi zako za macho maji ya kunywa ya chupa “kwa siku mbili tatu tu”. Acha leo hii. Kama unazo machoni, zivue kwanza ndipo uendelee kusoma.

Lenzi za sklera haziendi kama zile laini. Ni pana, milimita 15 hadi 20 hivi, zinakalia weupe wa jicho na kuivuka konea, kile kioo cha mbele ya jicho, bila kuigusa. Katikati hubaki kidimbwi cha maji, na kidimbwi hicho ndicho dawa yenyewe: konea iliyonyimwa machozi na Sjögren, huo ugonjwa wako wa kukausha macho, inalowa mchana kutwa, na kope haziikwaruzi tena. Lakini humo machozi huingia na kutoka kidogo mno. Ulichojaza asubuhi kinakaa na konea mpaka jioni. Maji ya kunywa, hata chupa ikiwa na lakiri, si maji yaliyosafishwa kwa ajili ya jicho. Akantamiba, kijidudu kinachoishi kwenye maji ya bomba, visima na matangi, kikishaingia kwenye konea maumivu yake ni makali na matibabu huchukua miezi. Tena maji matupu hayana chumvi, kwa hiyo konea huyanyonya ikavimba. Huenda zile duara za rangi ulizoniandikia kwamba unaziona kwenye taa jioni zinatokana na uvimbe huo.

Na usije ukachemsha maji ukatia chumvi ya jikoni, najua Mama Faki atakushauri hivyo. Wala usijaze ile dawa ya kuoshea lenzi. Ina dawa za kuhifadhi ambazo zikifungiwa juu ya konea kutwa nzima zinaiunguza.

Nenda famasi uulize vichupa vidogo vya plastiki vya sodiamu kloraidi, yaani maji ya chumvi, vile vya mililita 3 au 5 wanavyotumia kwenye nebulaiza, ile mashine ya kuvuta dawa kwa mvuke. Soma maandishi mwenyewe: iwe asilimia 0.9, na kisiwemo kingine chochote ila maji. Vipo vya asilimia 3 na vya 7, hivyo ni vikali, usivichukue. Mpigie aliyekupima lenzi umsomee jina kabla ya kuanza. Kichupa kikishafunguliwa, kinachobaki kimwage, hata kama roho inakuuma kwa bei.

Sasa hilo la mapovu ya hewa uliloniandikia, yanayobaki chini ya lenzi ukizivaa. Nawa kwa sabuni isiyo na mafuta wala marashi, jifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Laza kioo mezani. Weka lenzi juu ya kile kipira kikubwa chenye tundu, jaza mpaka maji yatune juu ya ukingo. Inama, kidevu kifuani, uso uwe sambamba na meza kabisa. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wakiinua uso kidogo tu, maji yanamwagika upande mmoja na hewa inaingia. Panua kope zote mbili, tazama katikati ya tundu, inua lenzi taratibu mpaka uhisi maji yanamwagika. Achia kope kwanza, kipira baadaye. Jitazame. Ukiona povu, hata dogo, vua ujaze upya. Usingoje litoke lenyewe. Pale lilipo konea inakauka, na huko ndiko kuchomachoma ulikokulalamikia.

Kuvua ni kwa kile kipira kidogo. Kiloweshe, tazama juu, kibandike karibu na ukingo wa chini wa lenzi, kisha vuta ukingo huo nje na juu. Usibandike katikati, maana utazidi kuigandisha kwenye jicho. Ikigoma, tia matone, ngoja dakika chache, bonyeza kidogo weupe wa jicho pembeni mwa lenzi ili hewa ipenye. Isipotoka, nenda kliniki, usishindane nayo.

Ule ukungu unaosema unakuziba macho saa sita mchana ni takataka za machozi zilizoingia chini ya lenzi. Vua, suuza kwa maji yale yale ya 0.9, jaza tena. Ukiwa unafanya hivyo kila siku, mwambie mtaalamu, pengine ukingo umelegea au kidimbwi ni kirefu mno. Lenzi huzama kidogo kadiri saa zinavyopita, kwa hiyo mwombe akupime ukiwa umezivaa saa 4 au zaidi, si dakika ile tu umezivaa.

Usiku usilale nazo. Kama unaziloweka kwenye haidrojeni peroksaidi, ziache muda wote ulioandikwa, kwa kawaida saa 6, kwenye kikopo chake chenye kile kidude cha kuivunja nguvu. Ikiingia jichoni kabla ya hapo utalia. Vipira navyo vioshwe, vikauke, vibadilishwe kila baada ya miezi michache.

Lakini narudi pale pale, kwenye maji. Umetumia ya chupa siku ngapi hasa? Jicho likiuma hata baada ya kuvua, likiwa jekundu, likikimbia mwanga au kuona kukipungua, nenda hospitali siku hiyo hiyo, chukua lenzi na kikopo chake, na uwaambie wazi ulijaza nini. Usifiche kwa kuona haya.

Nijibu upesi: duara za taa bado zipo? Jicho gani linasumbua zaidi, au ni yote? Famasi wamekupa vichupa gani? Kiti chako ofisini bado kinapigwa na upepo wa AC? Na ule mzigo wa Salum ulifika, au bado uko bandarini?

Wasalaam,
Shoga yako Rehema