Taji la Márquez si zawadi ya Ducati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niijibu makala ya uchambuzi iliyodai kwamba taji la dunia la MotoGP, daraja la juu la mbio za pikipiki, alilotwaa Marc Márquez mwaka 2025 ni la Ducati, kiwanda kilichounda pikipiki yake, kuliko lake, na kwamba mwendeshaji yeyote wa daraja la kati angepewa pikipiki ile naye angefika huko huko. Hoja hii husikika kila msimu unapoisha, kwa hiyo simlaumu mwandishi wako peke yake. Lakini safari hii ushahidi wa kuipinga ulikuwa wazi kwa kila aliyefuatilia mashindano, na nimesikitika kuona makala nzima ikiuruka.

Ushahidi wenyewe ulikuwa upande wa pili wa gereji ileile. Francesco Bagnaia aliendesha Ducati ya kiwanda, toleo la 2025 liitwalo GP25, sawa na ya Márquez. Kiwanda kimoja, timu moja, matairi yaleyale ya Michelin. Na Bagnaia si mtu wa kuokoteza. Ni bingwa wa dunia wa 2022 na 2023, na mwaka 2024 alishinda mbio kuu 11, ingawa taji lilikwenda kwa Jorge Martín. Mwaka 2025 akamaliza wa tano kwa pointi 288. Márquez alikuwa na 545, na pointi hizo alizipata bila kushiriki raundi nne za mwisho, kwa sababu ya bega aliloumia Mandalika, Indonesia. Kama pikipiki ndiyo iliyoshinda, mwandishi atueleze kwa nini ilishinda ikiwa chini ya mtu mmoja na ikagoma chini ya mwenzake.

Msimu mzima Bagnaia alikuwa na kilio kimoja: akishika breki kuingia kona, halisikii tairi la mbele. Kwa asiyefuatilia mchezo huu, jambo hilo linaweza kuonekana dogo. Pikipiki inafika mwisho wa mstari ulionyooka ikiwa imepita kilomita 300 kwa saa, mwendeshaji anashika breki, na karibu uzito wote unaangukia tairi la mbele. Hapo mikono yake ndiyo inayompa habari: tairi bado linashika, au limeanza kukata tamaa. Uendeshaji wote wa Bagnaia umejengwa juu ya habari hiyo. Ikikosekana, anashika breki mapema kidogo, kisha mapema kidogo tena, na wenzake wanampita. Márquez naye tairi la mbele likianza kuteleza, hulibeba kwa goti na kiwiko vikiwa vinasugua lami mpaka lishike tena. Kasoro iliyoharibu msimu wa mmoja, kwa mwingine ilikuwa kazi ya kila siku.

Mimi ni fundi wa pikipiki, na hili halinishangazi. Naletewa bodaboda inayoendeshwa na vijana wawili kwa zamu, mmoja mchana na mwingine usiku. Wa mchana haoni tatizo lolote. Wa usiku haishi kuja gereji: klachi imeungua, mnyororo umelegea, breki hazishiki. Na chombo ni kimoja.

Nisije nikaeleweka kwamba nasema pikipiki si kitu. Anayetaka kuona uzito wake aangalie uwanja mmoja tu, Sachsenring, Ujerumani. Ni uwanja mfupi, kona zake nyingi zinakata kushoto, na Márquez alishinda pale kila mwaka kuanzia 2010, alipokuwa bado daraja la 125cc, hadi 2019. Mwaka 2021, akiwa na mkono uliopita kwenye upasuaji mara tatu, akashinda tena. Ushindi 11 katika uwanja mmoja. Kisha 2023 akaenda pale pale na Honda iliyokuwa imechoka, akaanguka mara tano kuanzia Ijumaa hadi mazoezi ya Jumapili asubuhi. Ijumaa pikipiki yake iligongana na ya Johann Zarco kwenye kona ya kwanza. Kuna wakati pikipiki ilimponyoka, akaikamata kwa shida, na kamera zikamnasa akiionyesha kidole cha hasira huku bado inatembea. Jumapili hakuanza mbio kabisa, kidole gumba kilikuwa kimevunjika.

Mwaka uliofuata akarudi Sachsenring na timu ya Gresini, juu ya Ducati ya msimu uliopita. Alianza nafasi ya 13, akamaliza wa pili. Mwaka 2025, juu ya Ducati ya kiwanda, akashinda. Mtu ni yuleyule na kona ni zilezile. Kipaji hakikumtoka 2023 kikamrudia 2024. Kwa hiyo wale wanaosema bingwa wa kweli hushinda kwa chombo chochote, nao Sachsenring inawakanusha. Lakini mwandishi wako asikimbilie kushangilia, kwa sababu msimu huohuo wa 2024 watu wanne waliendesha GP23, yaani Ducati hiyo ya msimu uliopita. Márquez alimaliza wa tatu duniani. Aliyemfuata kati ya hao wanne alikuwa wa nane.

Wapenzi wa bingwa wa zamani Valentino Rossi hupenda kutaja Welkom, Afrika Kusini, tarehe 18 Aprili 2004, nami naitaja kwa furaha kwa sababu ilitokea katika bara letu. Rossi alikuwa ameiacha Honda, pikipiki iliyokuwa ikitawala, akaenda Yamaha, ambayo haikuwa imepata taji la daraja la juu tangu Wayne Rainey mwaka 1992. Watu walidhani amejimaliza. Mbio ya kwanza kabisa akapambana na Max Biaggi mpaka mzunguko wa mwisho, akamshinda kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha akasimamisha pikipiki kando ya njia na kuibusu. Simulizi hii hutolewa kama ushahidi wa kipaji kitupu, lakini ina nusu ya pili inayoachwa. Mhandisi wa Yamaha, Masao Furusawa, alikuwa amebadilisha mpangilio wa kuwaka kwa injini ya M1, pikipiki ya mbio ya Yamaha, ili nguvu ifike kwenye tairi la nyuma kwa upole zaidi, na Rossi alikuwa amemchukua fundi wake mkuu, Jeremy Burgess, kutoka Honda. Pikipiki aliyoibusu haikuwa ile ya 2003. Hata hivyo Carlos Checa alikuwa nayo hiyohiyo mpya, na alimaliza msimu wa saba wakati Rossi akiwa bingwa.

Baadaye Rossi huyohuyo alikwenda Ducati, misimu miwili ya 2011 na 2012, na hakushinda mbio hata moja. Pikipiki za kiwanda hicho ndizo Casey Stoner alizokuwa akizishindia miaka michache kabla. Mwaka 2007 Stoner alishinda mbio 10 na taji, na wakosoaji wakasema ni injini ya Ducati na matairi ya Bridgestone. Matairi yalimsaidia kweli, sikatai. Lakini Loris Capirossi alikuwa na injini hiyo na matairi hayo, akashinda mbio moja. Mwaka 2008 akaja Marco Melandri, mtu aliyewahi kuwa wa pili duniani, akamaliza wa 17. Stoner alikuwa wa pili.

Hapa ndipo ninapotaka wasomaji wako watulie kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo ubishi wa pikipiki au mtu haulifikii. Mwendeshaji wa kiwango hicho anaweza kukipumbaza kiwanda. Mwaka 2019 Honda ilipata pointi 426 katika taji la watengenezaji, ambalo huhesabu matokeo ya pikipiki bora ya kiwanda katika kila mbio. Márquez peke yake alikuwa na pointi 420. Mwenzake katika timu alikuwa Jorge Lorenzo, bingwa wa dunia mara tano, ambaye alimaliza msimu na pointi 28. Ni kweli Lorenzo aliumia mgongo Assen akakosa mbio kadhaa, lakini hata kabla ya hapo alikuwa akihangaika. Ofisini Japani karatasi zilionyesha ubingwa. Nani angebadilisha pikipiki inayoshinda? Kila mwaka kiwanda kilimsikiliza mtu anayeweza kubeba kasoro yoyote, na kasoro zikazidi kuongezwa mgongoni mwake.

Kisha mkono wa Márquez ukavunjika Jerez, Hispania, Julai 2020. Msimu ule Honda haikushinda mbio hata moja. Mwaka 2022 ilishika mkia kati ya watengenezaji sita. Pikipiki haikuharibika siku ile ya Jerez. Ilikuwa imeharibika zamani, ila mtu mmoja alikuwa ameificha kwa mikono yake. Nikisoma sasa kwamba Ducati ndiyo iliyompa Márquez taji, nahofia Ducati wenyewe wasije wakaliamini hilo, maana mwaka 2025 bingwa wao wa mara mbili aliwaambia wazi kwamba sehemu ya mbele ya pikipiki ina tatizo, na ushindi wa mwenzake ulikuwa kelele kubwa kuliko sauti yake.

Kwa sisi Waafrika suala hili lina jina: Brad Binder. Agosti 2020, katika mbio yake ya tatu tu ya MotoGP, Mwafrika Kusini huyu alishinda Brno na kuipa KTM ushindi wake wa kwanza katika daraja hilo. Mwaka uliofuata, Spielberg, Austria, mvua ilianza kunyesha mbio zikielekea mwisho. Waliokuwa mbele yake wakaingia gereji kubadilisha pikipiki. Binder akabaki njiani na matairi ya lami kavu, yasiyo na mistari ya kutoa maji, akaimaliza mizunguko ya mwisho pikipiki ikiyumba kila akigusa breki, na akashinda. Tangu siku ile, hadi msimu wa 2025 unafungwa, hajashinda tena mbio kuu ya Jumapili. Anayeamini kwamba pikipiki haina neno amweleze Binder alichokosea.

Mwaka 2027 sheria zinabadilika. Injini zinashuka kutoka 1000cc hadi 850cc, vifaa vya kuishusha pikipiki inapotoka kwenye kona vinapigwa marufuku, mabawa yanapunguzwa, na Pirelli inachukua nafasi ya Michelin. Wengi wanatangaza kwamba mchezo utarudishwa mikononi mwa waendeshaji. Natamani iwe hivyo, lakini kila sheria mpya huwa na kiwanda kinachoielewa kabla ya wengine, na msimu wa kwanza pengo kati ya viwanda huenda likawa kubwa kuliko la sasa. Nguvu ya mwendeshaji itabaki kuonekana pale pale inapoonekana leo, kwa mtu anayeendesha kitu kilekile.

Kwa hiyo nina ombi kwa dawati lako la michezo, Ndugu Mhariri. Mnapochapisha matokeo, mnaandika jina, nchi na muda. Ongezeni safu mbili: pikipiki ni ya mwaka gani, na mwenzake mwenye pikipiki kama hiyo amemaliza wa ngapi. Nafasi itatosha, hata mkilazimika kuishia kumi bora. Msomaji akiona Ducati GP25 nafasi ya kwanza na Ducati GP25 nafasi ya 14 katika mbio moja, atajua la kumuuliza mchambuzi wenu.

Wako mpenzi wa mbio,
Fundi wa pikipiki,
Morogoro.