Mahame ya wafugaji ndiyo vitalu vya miti huku kwetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie upanzi wa miti katika maeneo kame, hasa huku Turkana Kusini nilikofundisha shule ya msingi kwa miaka mingi. Tangu serikali ilipotangaza mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, kila mvua inapokaribia tunaona malori ya miche yakifika, hotuba zikitolewa na picha zikipigwa. Lengo hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Kinachonisikitisha ni kupanda huku kana kwamba tuko kwenye mvua ya Nyeri au Kericho, ilhali mmea wa jangwani una utaratibu wake wa kutafuta maji na rutuba, na asiyeufuata utaratibu huo hupoteza jasho la watoto bure.

Nataja jasho la watoto kwa sababu nililiona. Miaka michache kabla sijastaafu, shirika moja lilituletea miche mia tatu. Wanafunzi walichimba mashimo, na kwa wiki kadhaa kila mmoja alikuja shuleni na kidumu cha maji, maji ambayo mama yake alikuwa ameyapangia foleni kisimani tangu alfajiri. Mvua ya mwaka huo ilikatika mapema, na shule zilipofunguliwa muhula wa tatu haukuwa umesalia mche hata mmoja. Niling'oa mmoja nikawaonyesha darasa la sita: mzizi wake mkuu ulikuwa umejizungusha kama kamba, ungali na umbo la mfuko wa nailoni uliolelewa ndani yake. Hatua kama mia mbili kutoka hapo palikuwa na hame la wafugaji, yaani boma walilolihama, na ndani ya lililokuwa zizi la mbuzi, pasipo mtu kumwagilia tone, miche ya mgunga ilikuwa imenifika magotini, imejaa miiba na majani mabichi.

Mgunga huo, ambao Waturkana huuita ewoi, huanza maisha yake kwa kwenda chini. Mbegu ikishapasuka, mzizi hukimbilia kwenye unyevu wa ndani kabla ya jua kukausha tabaka la juu, huku shina likibaki fupi na majani yakiwa machache, ili mmea usipoteze maji mengi. Mche wa kitaluni uliozoea kumwagiliwa kila siku hufanya kinyume chake: hupata majani mengi juu na mizizi michache chini, kisha tunautarajia uhimili miezi sita ya upepo wa moto katika kaunti ambayo mji wake mkuu, Lodwar, hupata takriban milimita 200 tu za mvua kwa mwaka.

Tena mvua hiyo huja kwa vipindi vichache, na kipindi cha kwanza kina thamani kuliko vyote. Katika miaka ya 1950, mwanasayansi H. F. Birch, aliyekuwa akifanya utafiti Muguga karibu na Nairobi, alionyesha kwamba udongo uliokauka sana unapolowa tena, vijidudu vyake huamka kwa kishindo na kuachilia naitrojeni nyingi, ambayo ni chakula cha mimea, kwa siku chache, kisha kiasi hicho hupungua. Wazee wa huku hawakuhitaji maabara kujua kwamba malisho ya mvua ya kwanza ndiyo yanayonenepesha mbuzi. Nyasi zilizokuwa zimelala na mizizi yao hai ardhini huzidaka siku hizo chache, ilhali mche unaoletwa na lori baada ya wiki tatu, sherehe ikiwa imeahirishwa mara mbili, hukuta karamu imekwisha.

Sasa turudi zizini, maana hapo ndipo penye somo kubwa. Wakati wa kiangazi mbuzi hula maganda ya mgunga, yale yaitwayo ngitit, na mbegu zake ngumu hupita tumboni zikiwa nzima, kisha usiku huangushwa zizini pamoja na samadi. Familia inapohama kufuata malisho, huacha nyuma duara la udongo mweusi wenye rutuba iliyokusanywa kutoka maili nyingi za mbuga, rutuba ambayo mifugo imeichuma jani kwa jani. Watafiti Robin Reid na James Ellis walifanya kazi yao hapa hapa Turkana Kusini, wakaandika mwaka 1995 kwamba mahame hayo ndiyo mahali mgunga unapochipuka kwa wingi. Rutuba hiyo hudumu kuliko tunavyodhani: huko Narok, watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2018 walikuta udongo wa makazi ya wafugaji wa kale, mengine ya karibu miaka 3,000 iliyopita, ungali na fosforasi, magnesi na kalsiamu nyingi kuliko udongo unaouzunguka. Nimewahi kuwasikia maafisa wakimwita mfugaji adui wa miti. Natamani wasimame dakika tano tu katika hame moja waangalie chini.

Mgunga ukishakomaa, nao huanza kukusanya. Majani yake na kinyesi cha wanyama wanaojificha jua kivulini huoza papo hapo, na vinundu vya mizizi yake hunasa naitrojeni kutoka hewani. Utafiti wa Tsavo uliotolewa mwaka 1989 ulikuta nyasi zikistawi zaidi chini ya mgunga na mbuyu kuliko mahali pa wazi, na udongo wa hapo ukiwa na rutuba zaidi. Kule Tarangire, Tanzania, watafiti waligundua kwamba usiku mizizi ya mgunga hupandisha maji kutoka chini na kuyaachia kwenye udongo mkavu wa juu. Haki inanilazimu niongeze kwamba watafiti hao hao waliona mti ukiyanywa tena maji mengi, kiasi kwamba nyasi zilizotengwa na mizizi yake kwa mtaro zilistawi kuliko zile zilizokuwa zikishirikiana nayo. Basi hata mgunga haufai kusongamana kila mahali. Nafasi kati ya mti na mti ni sehemu ya maisha ya mbuga.

Waliosahau jambo hilo waende Baringo. Mti wa kigeni uitwao mathenge uliletwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa nia njema ya kupata kuni na kuzuia mmomonyoko, na kwa kuwa mizizi yake hufuata maji mbali sana ardhini, uliota kweli kweli. Leo umefunika malisho ya jamii ya Ilchamus, na maganda yake yenye sukari yameharibu meno ya mbuzi wao, hadi wakaenda mahakamani kudai haki. Mti kuota ni jambo moja; kujua utakunywa maji ya nani ni jambo jingine, na swali hilo liulizwe kabla lori halijapakiwa.

Ombi langu kwa wanaopanga msimu ujao ni kwamba sehemu ya fedha za miche ilipe wanakijiji wazungushie mahame ua wa matawi ya miiba kwa miaka mitatu minne, mpaka mgunga upite kimo cha mdomo wa mbuzi. Mahame yachaguliwe na wazee pamoja na wenye ekwar, yaani familia zinazomiliki kwa mila miti ya kando ya mito, kwa kuwa wao wanajua ni hame lipi litakaliwa tena na lipi limeachwa. Uchomaji makaa wa mgunga mkubwa udhibitiwe kwa dhati, kwani mti mmoja unaokatwa huondoka na kivuli, maganda na rutuba ya miongo kadhaa, na hakuna mche wa mfukoni utakaovirudisha haraka. Na serikali inapotangaza hesabu ya miti, itutangazie pia, kaunti kwa kaunti, ni mingapi ingali hai baada ya miaka mitatu.

Mwalimu mstaafu,
Turkana Kusini