Vidato 75

Silver Spring, Maryland
Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanahawa,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, hofu ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yetu. Simu ya juzi ilikatika ukiwa katikati ya kicheko, na nikikupigia tena najua utacheka tu, kwa hiyo naandika. Shemeji anasafiri Alhamisi, atakuletea barua hii pamoja na viatu vya mtoto.

Yaani ile filamu ya The Exorcist, ya mapadri wanaomtoa msichana shetani, imekuchekesha! Sikulaumu. Sisi tuliokulia Tanga pepo hatukumjua hivyo. Unakumbuka tulivyokuwa tukichungulia uani kwa jirani? Ubani unafuka, kiti, yaani yule mama mwenye pepo, kajifunika shuka, na pepo akishapanda anaulizwa kwa adabu: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini? Naye anasema. Anataka pete ya fedha, anataka halua, anataka kitambaa chekundu. Wanapatana naye, na kesho yule mama yuko sokoni anagombania bei ya nazi. Huku umeonyeshwa shetani asiye na shida ya kitu. Padre Merrin anamwonya mwenzake, Padre Karras, asizungumze naye kabisa, maana anachanganya kweli na uongo. Kwetu hapo ndipo shughuli ingeanza! Mimi ndicho kilichoninyima usingizi: huna cha kumpa akaondoka.

Na usidhani uko peke yako. Ilipotoka Desemba 1973, wahakiki wa Marekani waligawanyika vibaya. Vincent Canby wa New York Times aliiona ni upuuzi wa kichawi uliovishwa nguo nzuri. Pauline Kael wa The New Yorker akasema ni kama bango la kuwaita watu Kanisa Katoliki, na hapo hakukosea sana, kwani William Peter Blatty, aliyeandika riwaya na mswada wake, alikuwa Mkatoliki aliyesomeshwa na mapadri Wajesuiti hapa jirani, Chuo Kikuu cha Georgetown, Washington. Roger Ebert wa Chicago aliipa nyota zote 4, kisha akajiuliza kama watu wamekufa ganzi kiasi cha kuhitaji filamu kali namna hii ndipo wahisi kitu. Huyo ndiye ninayempenda: kasifu, halafu kajishtukia. Watu wenyewe hawakuwangoja. Walipanga foleni kwenye baridi, wengine wakazimia ndani. Ikapendekezwa kwa tuzo 10 za Oscar, filamu ya kwanza ya kutisha kuwania ile ya filamu bora, ikaambulia 2: ya mswada na ya sauti.

Ya sauti ilikuwa haki yake. Ile sauti ya shetani si ya Linda Blair, mtoto aliyeigiza msichana, ni ya mama mtu mzima, Mercedes McCambridge, aliyemeza mayai mabichi na kuvuta sigara mfululizo ili koo likwaruze. Mwanzoni hata jina lake hawakuliweka, mpaka alipolalamika. Na ule mvuke unaotoka mapadri wakipumua si ujanja wa kamera. Chumba kilijengwa ndani ya seti iliyopoozwa kama jokofu.

Lakini nilichotaka kukuambia hasa ni kingine. Ulisema umesogeza mbele sehemu ya hospitali, eti umechoka kuona wodi. Wewe nesi mzima! Umeruka palipo na filamu yenyewe. Irudishe. Msichana kalazwa, anachomwa sindano shingoni, damu inaruka kidogo, kisha ile mitambo inaanza kugonga gong, gong, na yeye kafungwa kichwa asijitikise. Hakuna pepo hapo, ni kipimo cha mishipa ya kichwani tu kama walivyokifanya enzi hizo. Watu wengi walishindwa kutazama hapo kuliko shingo inapogeuka. Mkurugenzi William Friedkin alianzia kwenye filamu za habari za kweli, na hapo inaonekana. Picha zinatoka safi. Madaktari wanatazamana. Mwisho wao ndio wanaomtajia mama habari za padre, kwa hoja kwamba kama mtoto anaamini ana pepo, basi imani hiyohiyo huenda ikamtoa. Kwetu mtu anapitia kwa mganga ndipo aje kwako wodini amechelewa; huku hospitali ndiyo inayotoa rufaa ya kwenda kwa mganga! Mtazame yule mama, Ellen Burstyn, anavyowasikiliza. Ule uso unaujua. Unauona kila zamu.

Jana nilikwenda kuziona zile ngazi anakoangukia Padre Karras. Ziko hukohuko Georgetown, zinashuka kutoka Prospect Street hadi M Street, vidato 75, nyembamba, ukuta wa mawe pembeni. Nyumba iko mbali nazo. Ilibidi wajenge ubavu wa bandia ili dirisha analorukia lifike ngazini. Nilitaraji kuogopa kidogo. Nilikuta vijana wa mazoezi wakipanda na kushuka, jasho linawatiririka, mmoja akaniambia samahani mama, nikabana ukutani apite. Kidato cha arobaini goti likaanza kelele zake, nikakaa nikala karanga.

Basi irudie ile ya hospitali, uniambie kama wale manesi wanafanya kazi sawasawa. Mama mshike mkono. Na viatu vikimbana mtoto, tafadhali usivikate kisigino kama vile vya mwaka jana. Mpe shemeji arudi navyo.

Wako,
Zuhura