Yule dada wa fiziotherapia anakuja Jumamosi

Habari zenu wapendwa, hasa nyie wenye wagonjwa wa kiharusi na wa mgongo naomba msome mpaka mwisho. Huyu dada wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, kakubali kuja Jumamosi saa 3 asubuhi, palepale Nkuhungu tunapokutanaga. Fiziotherapia kasomea hospitali ya KCMC Moshi, afu kafanya kazi wodini muda mrefu kabla hajaanza kuzungukia wagonjwa majumbani huku Dodoma. Mimi kilichonivutia hakimbilii kukukanda, kwanza anakuuliza nyumbani unafanya kazi gani, choo ni cha kuchuchumaa au cha kukaa, afu anakwambia hebu nyanyuka kwenye stuli huku anaangalia mguu upi unauogopa, na mazoezi anayokupa yanatokea hapo hapo. Kuna mama wa Chamwino shida yake ilikuwa kubeba maji, basi wakaanza na hiyohiyo ndoo, tupu kwanza. Na jamani wa kiharusi msiwanyanyue kwa kuvuta ule mkono uliolegea, bega linaweza kuteguka, atatuonyesha namna ya kuwashika. Mje na picha za eksirei kama zipo, mvae nguo za kupwaya, na anayemhudumia mgonjwa asikose maana mazoezi ya kila siku ni yeye atakayeyasimamia. Wa kuchangia bajaji tuambiane mapema.