Barua kwa Salim kuhusu chama cha tatu Marekani

Portland, Maine

Kwako Salim,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi hatujambo, na mama watoto anakusalimu.

Umeuliza mbona nchi kubwa hivi kila uchaguzi wa rais ni vyama viwili vilevile, Republican na Democratic. Wengine wapo, ndugu yangu. Vyama vya Libertarian na Green husimamisha watu kila mara, na wagombea huru hawakosi, ingawa kila jimbo lina masharti yake ya saini ili jina liingie kwenye karatasi ya kura.

Chukua Ross Perot, tajiri wa Texas. Mwaka 1992 alipata karibu asilimia 19 ya kura zote, watu zaidi ya milioni 19. Hapa Maine alimpita hata Rais George Bush, kwa kura mia chache tu, na Bush alikuwa na nyumba ya familia hukuhuku, Kennebunkport! Lakini rais huchaguliwa na wajumbe wa majimbo, na karibu kila jimbo humpa mshindi wajumbe wake wote. Katika wajumbe 538, Perot hakuambulia hata mmoja.

Miaka minne baadaye akanyimwa mdahalo. Tume ya midahalo iliundwa mwaka 1987 na viongozi wa vyama hivyo viwili, yaani timu zinazocheza ndizo zilizoteua refa. Kuanzia 2000 ikadai asilimia 15 katika kura za maoni. Unamkumbuka Wajackoyah, mgombea urais wa huko Kenya 2022, alivyogoma akitaka wagombea wote wanne wasimame jukwaa moja? Huku angegoma kila uchaguzi.

Hata hivyo sioni kama mdahalo ndio kiini. Perot wa 1992 alikuwa jukwaani, na bado alitoka mikono mitupu. Kinachowamaliza hawa ni Florida ya 2000: George W. Bush, mtoto wa yule Bush wa 1992, alimshinda Al Gore wa Democratic kwa kura 537, na Ralph Nader wa Green alikuwa na zaidi ya 97,000 palepale, kura ambazo Wademokrati wanaamini zingemwokoa Gore. Tangu hapo, mtaje mgombea wa tatu mbele ya Mdemokrati yeyote, utasomewa Nader mpaka chai ipoe. Watu wanampenda mmoja, wanampigia mwingine kwa hofu ya yule wanayemchukia.

Maine tumepata dawa, japo si kamili. Tangu 2020, kura ya rais tunaipiga kwa kupanga wagombea: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Asipopatikana wa kupita nusu, wa mkiani wanaondolewa, na kura zao zinakwenda kwa chaguo lao linalofuata. Unampigia wa moyoni bila kumbeba adui yako. Alaska nao walipiga hivyo 2024, ingawa mwaka huohuo Colorado, Oregon, Idaho na Nevada waliukataa mfumo huu.

Iko kasoro moja kubwa. Mgombea wa tatu akishinda majimbo machache na wote wakakosa wajumbe 270, yaani zaidi ya nusu, rais huchaguliwa na Baraza la Wawakilishi, kila jimbo kura moja. California yote, kura moja. Wyoming nayo moja! Hapo bila kugusa Katiba hutoki, na Katiba ya huku haiguswi kirahisi.

Sasa niambie wewe uliye nyumbani. Sheria yenu inataka duru ya pili ndani ya siku 30 asipopatikana wa kupita nusu. Hamwoni afadhali kupanga majina siku ileile moja, muokoe gharama na ule mwezi wa roho juu? Nijibu, na Bi Mkubwa msalimie sana.

Wako,
Hamisi