Salamu za Leba Dei kutoka Majengo, Mombasa

Asalaam aleikum ndugu, jamaa na majirani. Wazee wangu, shikamooni. Kesho ni Leba Dei, na kama kawaida imetukuta na masika: mashimo ya barabara yamejaa maji, nguo hazikauki, na mahamri ya asubuhi mtu ayala kajikunyata mlangoni. Heri ya sikukuu kwenu nyote, mtakaopumzika na mtakaokwenda kazini.

Nimewataja wa kazini kwa sababu leo alfajiri nilipita kwenye lango la maghala fulani, nikawakuta vijana wamechuchumaa mvuani wakingoja kuitwa, viatu vya kazi wamevifunga kwenye mifuko ya plastiki. Nikamuuliza mmoja, "Na kesho?" Akanijibu, "Kesho n'taja vilevile, mzee. Nisipoingia silipwi."

Kibarua huyo. Siku hizi neno hili watu hulitamka kwa dharau, lakini asili yake ni barua ndogo tu, kile kijikaratasi alichopewa mtu wa kutwa kuonyesha siku alizofanya kazi. Jina la karatasi likamhamia mwenye kuishika.

Na watu wa karatasi hiyo walikuwamo mbele mji huu uliposimama kwa mgomo mkuu, Jumatatu tarehe 13 Januari 1947. Vita vilikuwa vimekwisha, bei zimepanda, vyumba vya kupanga havitoshi, na mshahara uko palepale. Makuli wa bandari ya Kilindini wakatua magunia, watu wa reli wakatoka, wa mahoteli wakatoka, hata wapishi na maboi wa majumbani. Watu wapatao 15,000, wa mwezi na wa kutwa pamoja, kwa siku 12. Marehemu babu yangu, aliyezikwa na sugu ya magunia shingoni, habari za askari hakuzisimulia sana. Alichosimulia ni kimya. Winchi zote zimenyamaza, asema, mpaka Majengo mtu wasikia kunguru tu.

Kila siku walikutana Kiembeni, uwanja wa hapa hapa Majengo, si ile Kiembeni ya ng'ambo ya Kisauni. Hapo ndipo lilipopata nguvu shirikisho la wafanyakazi Waafrika chini ya Chege Kibachia, kijana wa Kiambu. Mvunja mgomo, husimuliwa, alinyolewa upande mmoja wa kichwa akaachwa aende zake. Babu alicheka sana kila akifika hapo, na mimi sijaacha kumshuku alikuwa ndiye mwenye wembe.

Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, akaja kuwasihi warudi kazini, wakarudi. Mishahara ikaongezwa baada ya shauri lao kusikizwa. Kibachia naye akakamatwa Agosti mwaka huohuo, akapelekwa uhamishoni Kabarnet, mbali huko bara, na huko akakaa miaka 10.

Kesho tutasikiza hotuba, na nyongeza ikitangazwa tutapiga makofi. Lakini kama una mama wa kukufulia au kijana wa mkokoteni, na kesho umemwambia asije, mpe ujira wake wa siku.

Mimi alfajiri nitakuwa pale langoni na birika la kahawa ya tangawizi. Mwenye vikombe vya ziada anipitishie usiku huu.